Sikio la Kushoto la Clifford Ormerod

Jumatatu ya pili ya Oktoba, saa kumi na moja na nusu jioni, Clifford Ormerod alikuwa ameketi juu ya kreti katika chumba cha tanuri la kupashia joto ukumbi wa manispaa ya Accrington, akifunga kamba za buti lake la kulia, sikio lake la kushoto liliposema kwa sauti ya Bwana Hesketh: “Bolton, Jumatano. Gordon anashinda raundi ya nne. Lumb alale kwa adabu, asijirembe.”

Percy Lumb, aliyekuwa akijipaka mafuta mabegani upande wa pili wa chumba, aliinua uso.

“Hilo ni sikio lako?”

“La kushoto.”

“Raundi ya nne,” alisema Lumb, akairudia kazi ya mafuta. “Wiki iliyopita aliniahidi ya sita, yule. Hebu geuka kidogo, bwana, nisikie na mambo ya Alhamisi.”

Ormerod aligeuka. Sikio lilisema mambo ya Alhamisi, kisha likanyamaza, naye akafunga buti la kushoto.

Lilikuwa sikio la kazi. Miaka thelathini ya kusuguliwa kwenye turubai na kwenye mafuvu ya watu wengine ilikuwa imelivimbisha, ikalikunja na kuligandisha, hata likafanana na koliflawa iliyosahauliwa shambani wakati wa baridi. Miongoni mwa wanamieleka wa Lancashire, mwaka ule wa 1974, sikio la namna hiyo lilikuwa cheti. Mtu mwenye masikio laini alipewa mkono, lakini hakupewa kiti. Jumatano iliyotangulia, mjini Morecambe, bibi mmoja wa safu ya mbele alilipiga kwa mpini wa mwavuli. Lilivuma siku nne. Siku ya tano likatulia, likaanza kusema yale yaliyosemwa katika ofisi ya Bwana Hesketh mjini Manchester, ghorofa ya pili, juu ya duka la samani. Daktari alilimulika kwa tochi, akaandika kwamba linasikia vizuri.

Bwana Hesketh ndiye aliyepanga nani apambane na nani, katika mji gani, na nani ainuliwe mkono mwishoni. Wanamieleka wote walilijua hilo, na hawakumwambia mtu mwingine yeyote duniani. Wengi wao hawakuwaambia hata wake zao. Ili siri ikae, watu wa Hesketh waligawanywa makundi mawili. Washangiliwa walivalia katika chumba cha meya, penye kioo na zulia. Wazomewa, ambao Ormerod alikuwa mmoja wao tangu mwaka 1951, walivalia popote palipobaki: stoo ya viti vya kwaya, jiko, chumba cha tanuri. Makundi hayo yalisafiri kwa magari tofauti na kula katika mikahawa tofauti, wala hayakusalimiana barabarani, hata msibani. Mtu mmoja tu aliruhusiwa kupita kati ya milango miwili: Cyril Bickerstaffe, mwamuzi, mtu mwembamba mwenye tai nyeusi ya kipepeo, ambaye kabla ya kila pambano aliwapelekea Washangiliwa mwisho wao, yaani jinsi pambano litakavyoisha, kisha akawaletea Wazomewa wao. Wapinzani walionana ulingoni kwa mara ya kwanza siku hiyo, kila mmoja akiwa na nusu yake ya habari, na zile nusu mbili zikalingana. Kwa miaka ishirini na mitatu zililingana kila mara, isipokuwa mara moja.

Mara hiyo moja ilikuwa mjini Nelson, Novemba ya mwaka juzi, na aliyekuwa mabegani mwa Ormerod alikuwa Wilfred Sugden.

Walijifunza mieleka pamoja wakiwa na miaka kumi na mitano, juu ya zizi la farasi wa mgodini, wakioga kwa ndoo moja. Kisha Bwana Hesketh aliwatazama nyuso. Sugden akawa Mshangiliwa, na Ormerod akawa kile ambacho uso wake ulimruhusu kuwa, kwa jina la Katili Ormerod. Tangu siku hiyo hawakuwahi kunywa chai meza moja. Kabla ya Nelson walipigana mara mia nne na kumi na mbili, na katika hizo zote hakuna aliyemtoa mwenzake hata jino.

Wiki tatu kabla ya Nelson, Sugden aliandika barua ya kuomba kila ukumbi uwe na daktari. Washangiliwa kumi na mmoja walitia saini. Cyril aliileta barua kwenye chumba cha Wazomewa, akamwekea Ormerod kalamu mkononi. Ormerod aliisoma mara mbili, akaiona ni ya haki, akairudisha bila saini. Jina la Mzomewa na jina la Mshangiliwa yasingeweza kukaa karatasi moja; karatasi huokotwa na watu. Cyril akaipeleka ofisini. Bwana Hesketh alisema ni barua iliyoandikwa vizuri, na haikuonekana tena.

Pambano la Nelson lilipangwa kumalizika kwa mrusho wa begani. Katika mrusho huo mmoja humbeba mwenzake mabegani, amemshika kifundo cha mkono, na kumpa ishara kwa kukibana. Anayerushwa hujirusha mwenyewe, kidevu kifuani, na anayerusha humsindikiza tu. Wakipishana kwa pumzi moja, uzito wote wa mtu huangukia shingo. Cyril alimwambia Ormerod: bana mara mbili, kisha rusha. Ormerod alibana mara mbili, akarusha, na Sugden akaondoka mabegani mwake kama gunia, bila kujikusanya. Watu elfu moja walisimama wakimzomea Ormerod kwa dakika ishirini, naye, kama kazi ilivyotaka, aliinua mikono juu akawacheka, huku mwenzake amelala chini bila kutikisika na mfagiaji wa ukumbi akikimbia huku na huko kutafuta simu.

Ormerod hakwenda hospitali; magazeti yalikuwa yamesema alifanya kwa chuki, na mtu wa chuki haendi kumtazama mgonjwa. Alituma zabibu kwa mkono wa Cyril. Mwanzoni alikuwa na hakika aliambiwa mbili. Kadiri miezi ilivyopita hakika hiyo ilimtoka kidogo kidogo, mpaka ilipofika mwaka wa pili akawa na hakika kwamba aliambiwa tatu, na kwamba yeye, Clifford Ormerod, ambaye hakuwahi kusahau hesabu maishani, siku hiyo alisahau.

Kwa hiyo alipogundua tabia ya sikio lake, hakulifurahia wala hakuliogopa. Alianza kuhesabu siku.

Tabia yake ilikuwa hivi. Kila jioni, saa kumi na moja na nusu, lilisema mambo ya ofisini ya siku hiyo. Likishayamaliza lilirudi nyuma, mwezi mmoja kwa kila jioni, likisema yaliyosemwa zamani. Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa, lilirudia saa kumi alasiri yale yote liliyoyasema wiki hiyo. Wazomewa walilizoea upesi. Walimwachia Ormerod kiti chenye egemeo na kumletea biskuti za tangawizi, na wale waliokuwa hawamsalimu walianza kumuuliza hali ya magoti yake. Lumb alisikia Bwana Hesketh akisema, “Lumb angemsifu tu yule mbwa wangu, ningemfikiria.” Jumanne iliyofuata Lumb alikwenda Manchester na mfupa wa ng’ombe uliofungwa karatasi, na pambano lililofuata akalala raundi ya sita.

“Mbwa mwenyewe mbaya kupita kiasi,” aliwaambia wenzake. “Nimemwambia ana macho ya mfalme. Akanilamba, jamani, mkono mzima.”

Ormerod hakuliuliza sikio jambo lolote kuhusu nafsi yake. Jioni moja lilifika Septemba ya mwaka jana. Jioni nyingine, Julai. Angeweza kuliziba kwa pamba. Alikuwa na pamba ya kutosha kwenye begi.

Alhamisi moja ya Novemba walikuwa mjini Bury. Tanuri la ukumbi lilikuwa limekufa, na msimamizi, aliyekuwa na chumba kimoja tu chenye moto, aliwaweka watu wote humo, akatundika kanzu za kwaya kwenye kamba katikati ili Washangiliwa na Wazomewa wasionane. Kulikuwa na birika moja kubwa la chai kila upande. Cyril alisimama penye uwazi wa pazia, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, akiwa na karatasi zake.

Saa kumi na moja na nusu sikio lilisema mambo ya siku hiyo. Lilisema kwa sauti ya Bwana Hesketh kwamba Gordon, mkwewe, ambaye mabango yalimwita Bwana Dhahabu, hawezi kurusha hata mfuko wa unga, lakini ndiye aliyemwoa binti yake, na yeye Hesketh hana binti mwingine. Upande wa pili wa pazia Gordon alicheka kwa ukarimu.

“Baba mkwe huyo,” alisema. “Kweli mtupu.”

Kisha sikio likarudi nyuma, likafika Novemba ya mwaka juzi.

“Nelson,” lilisema. “Mwisho ni mrusho wa begani. Mwambie Ormerod mbili. Sugden mwambie tatu.”

Ikafuata sauti ya Cyril, changa kidogo kuliko ilivyokuwa sasa. “Bwana Hesketh, hao watapishana. Mtu atavunjika shingo.”

“Akipona ataandika barua nyingine. Kunywa chai, Cyril, inapoa.”

Baada ya hapo sikio lilisema habari ya bei ya kupaka rangi gari, likanyamaza.

Nyuma ya kanzu za kwaya walikuwapo watu kumi na mmoja waliotia saini ile barua. Hakuna kanzu iliyotikisika. Cyril aliangalia miguu yake, huu huku, ule kule.

“Nilitumwa,” alisema. “Mimi hubeba tu, Cliff. Unajua hivyo.”

 Ormerod alikuwa akitazama kidole gumba chake cha kulia, kile kilichobana.

“Basi si wewe,” alisema Lumb taratibu, akamsogezea sahani ya biskuti.

 Kisha sauti ya Gordon ikasema, “Jamani, huko kwenu kuna sukari?” Lumb akalisukuma bakuli chini ya pazia, mkono usioonekana ukalipokea, ukasema ahsante. Kengele ililia. Mapambano yote saba ya jioni ile yalikwenda kama yalivyopangwa, na Ormerod alishindwa raundi ya tano na mtu aliyetia saini ile barua, jina la tatu kutoka juu.

Kesho yake Bwana Hesketh mwenyewe alifika Oldham. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye koti la manyoya ya ngamia na sauti isiyopanda. Aliwapa watu wote mkono, kwa kugusa tu, kama desturi ya kazi ilivyo, kisha akasimama mbele ya Ormerod, akalishika sikio kwa kidole gumba na cha shahada, akaliminya kama mtu anayechagua peasi sokoni.

“Sikio zuri,” alisema. “Baba alikuwa na punda mwenye sikio kama hili. Tulimuuza kwa bei ya juu.”

“Ni kweli, Bwana Hesketh?”

“Nini?”

“Mbili na tatu.”

“Si limesema lenyewe? Mimi sibishani na sikio la mtu.” Aliliachia, akapangusa vidole kwa leso. “Kuna tatizo, Clifford?”

Chumba kizima kilikuwa kikifunga kamba za buti. Ormerod alisema, “Sugden hatembei.”

“Najua. Mkewe, Edna, nilimpelekea kadi.” Bwana Hesketh alifunga vifungo vya koti. “Jumatatu, Nelson. Wewe na Holroyd, mrusho wa begani. Watu wa Nelson wanaupenda, wanaukumbuka. Huyo Holroyd naye nasikia tangu jana anaulizauliza habari za daktari. Na kuanzia leo, Cyril, mwisho wa pambano sisemi tena. Nitauandika kwa penseli, na nitafunga bahasha.”

Alipoondoka, Lumb alisema kwamba kwa haki yake Hesketh angekuwa waziri.

Jumapili Ormerod alipanda basi kwenda Nelson. Hakupita barabarani; alizunguka kwa kichochoro cha nyuma, penye mapipa ya taka na vibanda vya makaa, akagonga mlango wa jikoni mara moja tu. Edna Sugden alifungua. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono ina unga. Alimtazama kwa muda ambao ungetosha kukanda mkate.

“Miaka miwili,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Futa miguu.”

Sugden alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kando ya moto, blanketi magotini. Uso ulikuwa uleule mzuri, ila umewekwa juu ya kitu kilichopungua. Alisema, “Cliff.” Ormerod alisema, “Wilf.” Hawakuwa na mazoea ya kuzungumza nje ya ulingo, mahali penye kiti. Edna alileta chai na keki ya shayiri. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika saba.

“Nimekuja na sikio langu,” alisema Ormerod. “Linaanza saa kumi.”

“Lisogeze huku basi,” alisema Sugden. “Upande huu ndio ninaogeukia.”

Walingoja. Saa kumi sikio lilianza na mambo ya Jumatatu, ya Jumanne, ya mbwa, ya Gordon na mfuko wa unga. Sugden alitabasamu hapo kidogo. Kisha likafika Alhamisi, likasema: mwambie Ormerod mbili, Sugden mwambie tatu. Likasema habari ya shingo, habari ya chai inayopoa, na bei ya rangi.

Makaa yalishuka katika meko. Sugden alikuwa akitazama dari.

“Nilikuwa naingoja ya tatu,” alisema.

“Nilibana mara mbili.”

“Nilizisikia zote mbili, sawasawa kabisa. Halafu nikawa niko hewani.” Alilamba midomo. “Unajua miaka hii nilikuwa nasema nini? Nilikuwa nasema Cliff hawezi kukosea. Kwa hiyo ni mimi niliyesikia vibaya. Nimemwambia hivyo Edna kila usiku. Ni mimi, Edna, Cyril alisema mbili, mimi nikasikia tatu.”

“Na mimi nilijiambia nilisahau.”

“Wewe? Usahau hesabu?”

“Nilijiambia hivyo.”

“Mjinga wewe,” alisema Sugden kwa upole. “Ungekuja siku ya kwanza tu ukaniuliza.”

“Ningekujaje, Wilf? Hospitali, mimi, mbele ya watu?”

Sugden alifikiri. “Hapana,” alisema. “Usingeweza.”

Edna aliweka birika chini. Hakuwa amekaa tangu sikio liseme. “Basi kesho tunakwenda polisi,” alisema. “Na sikio lenyewe. Likae mezani kwa sajini liseme.”

Wanaume wawili walimtazama, kisha wakatazamana wao kwa wao, na Ormerod aliona katika uso wa mwenzake jambo lilelile alilolijua kuwa liko katika uso wake.

“Tukamwambie nini sajini, Edna?” aliuliza Sugden.

“Kwamba alipanga!”

“Alipanga nini?”

“Mwisho! Mbili na tatu!”

“Mwisho wa nini?” Sugden alisema hivyo taratibu sana, kama mtu anayemsaidia mgeni kushuka ngazi. “Tukisema alipanga mwisho, tumesema mwisho hupangwa. Mbele ya sajini. Na sajini mwenyewe kila Jumamosi saa kumi yuko mbele ya televisheni na mama yake, wakitazama mieleka.”

“Miguu yako, Wilf!”

“Nayajua ya miguu yangu. Lakini wapo watu arobaini wanaokula kwa siri hii, na mimi niliapa kabla sijakujua wewe.” Alimgeukia Ormerod. “Wewe ungesema?”

Ormerod alifikiri kwa uaminifu, kwa sababu swali lilistahili hivyo. “Nisingeweza,” alisema.

Edna aliketi. Alivuta kipande cha keki, akakivunja vipande vidogo, asile hata kimoja.

Ormerod alipoinuka kuaga, alielekea mlango wa mbele bila kujua, kama mtu yeyote afanyavyo katika nyumba ya rafiki.

“Wa nyuma, Cliff,” alisema Sugden. “Bibi Clegg, jirani, yuko dirishani. Kila Ijumaa ananiletea kastadi, na kila Ijumaa anakulaani. Akikuona unatoka hapa itamuumiza.”

Akatoka kwa nyuma.

Jumatatu, katika stoo ya ukumbi wa Nelson, saa kumi na moja na nusu, sikio lilitoa mlio wa penseli. Lilikwaruza kidogo, likanyamaza, ukasikika ulimi ukilamba gundi ya bahasha. Likakwaruza tena, ulimi tena. Kisha mbwa akabweka. Cyril aliingia na bahasha. Ndani yake mlikuwa na tarakimu moja: 2.

“Na Holroyd?” aliuliza Ormerod.

“Zimefungwa, Cliff. Siku hizi sijui ninachobeba.” Cyril alinyoosha tai yake. “Namshukuru Mungu.”

Ndipo Ormerod, akiwa tayari amevaa joho lake jeusi lenye mafuvu, alipofanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa. Alitoka stoo, akaufuata ushoroba uliopakwa rangi ya kijani, akafika mlango wa chumba cha meya, akagonga. Ndani mazungumzo yalikatika.

“Nani?”

“Ormerod. Holroyd, nataka neno moja tu. Umeandikiwa ngapi?”

Holroyd alikuwa mtu wa miaka thelathini na mmoja, zamani mwokaji mikate, aliyefundishwa kazi vizuri na watu waliojua kufundisha. Alhamisi iliyopita alikuwa nyuma ya kanzu za kwaya, na alisikia yote. Sauti yake ilikuja karibu na mlango, ya chini, yenye heshima na yenye hofu.

“Ondoka, Bwana Ormerod, tafadhali. Watu watatuona.”

“Ngapi tu, Keith. Niambie tu namba.”

“Siwezi. Hata wewe ungekuwa mimi usingefungua.”

Hilo lilikuwa kweli. Ormerod alisimama kidogo, kisha akarudi stoo.

Katika raundi ya pili, mapema kuliko ilivyopangwa, alimwinua Holroyd mabegani. Alikishika kifundo cha mkono, akausikia mshipa wake ukipiga mbio chini ya kidole gumba. Chini, safu ya mbele, Bibi Clegg alikuwa amesimama, mkoba juu. Ormerod hakubana mara moja, wala mara mbili, wala mara tatu. Alipiga magoti polepole, akamshusha Holroyd, akamsimamisha kwa miguu yake miwili kama mtu anayerudisha chombo kabatini. Kisha akalala chali mwenyewe, mabega yote mawili kwenye turubai, na kungoja.

Holroyd hakujua la kufanya. Mwishowe alimwekea mguu kifuani. Cyril alitazama mlango, akatazama dari, akapiga magoti, akahesabu mpaka tatu. Ukumbi ulilipuka. Watu walikumbatiana, na juu ya kelele zote Ormerod alisikia kwa sikio lake zima, lile la kulia, Bibi Clegg akipiga kelele kwa furaha, machozi yakimtiririka: “Hiyo ni ya Wilf wetu! Hiyo ni ya Wilf, mnyama wewe!”

Bwana Hesketh hakukasirika. Hakupiga simu, wala hakuja. Jumatano, katika jiko la ukumbi wa Burnley, karatasi ukutani ilionyesha kwamba pambano kuu ni Bwana Dhahabu dhidi ya Katili Ormerod, mwisho ni mrusho wa begani, na atakayerushwa ni Ormerod. Wazomewa waliisoma mmoja mmoja, wakaenda kuketi. Kiti chenye egemeo kilikuwa bado ni chake, na biskuti zilikuwapo.

“Gordon hawezi kurusha hata mfuko wa unga,” alisema Lumb. “Lakini kuhesabu anaweza. Nadhani.”

“Anaweza,” alisema Ormerod.

Cyril alileta bahasha. Ndani mliandikwa 3.

Saa kumi na moja na nusu chumba kilinyamaza chenyewe, na watu wakasogeza makreti karibu. Ormerod aliinamisha kichwa ili sikio liwe juu. Penseli ilianza. Ilikwaruza tarakimu ya kwanza, ulimi ukalamba gundi. Ikaanza ya pili. Tangu Jumatatu alikuwa amefanya mazoezi kwenye meza ya jikoni kwake, akiandika mbili na kuandika tatu, macho amefumba. Zote mbili huanzia juu na kuzunguka upande wa kulia kwa mkwaruzo mmoja. Hutengana chini tu, pale mbili inapolala na tatu inapozunguka tena. Na Bwana Hesketh alikuwa na mkono mwepesi, hasa akifika chini.

“Ngapi?” aliuliza Lumb.

“Sijui.”

“Labda zinalingana.”

“Labda.”

Kengele ililia. Ormerod alisimama, akakigusisha kidevu chake kifuani mara mbili tatu kuilegeza shingo, akavaa joho. Lumb alimfungulia mlango, na wengine wakavuta miguu yao ili apite.